Mgeni Rasmi Hasomi: Kuhusu Vitabu Tunavyojichapishia na Wanunuzi Wasiovisoma

Kuna methali inayowatesa waandishi wanaojichapishia kuliko bei ya karatasi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukianza kukitangaza kitabu chako, atatokea mtu akutupie methali hiyo, tena mara nyingi ni mtu ambaye hajafungua hata ukurasa wa kwanza. Usipokitangaza, hakuna atakayejua kuwa kipo. Kwa hiyo wengi wanachagua njia ya tatu, ambayo haionekani kama kujitembeza: wanafanya uzinduzi, wanaalika mgeni rasmi, watu wanachangia, picha zinapigwa, na kitabu kinakufa siku hiyo hiyo kikiwa kimevaa suti.

Naandika haya nikiwa Lushoto, mahali ambapo methali hiyo ingemchekesha mtu yeyote aliyewahi kufika gulioni. Nenda Soni au Lukozi siku ya gulio uone. Peasi zuri linatembezwa. Linaitwa kwa sauti, linapangwa mafungu, linasogezwa hadi dirishani mwa basi. Mama anayejua peasi zake ni tamu hakai kimya akisubiri utamu ujitangaze wenyewe. Anachukua kisu, anakata kipande, anakupa: "Onja kwanza, mwanangu." Mwenye peasi bovu naye anaita, pengine kwa sauti kubwa zaidi, ila kisu hakitoi. Basi na sisi tuvitazame vitabu vyetu kwa jicho hilo: nani anaonjesha, na nani anapiga kelele tu? Mtaniambia hilo ni suala la biashara, halimhusu mhakiki. Mimi nasema linamhusu, kwa sababu namna kitabu kinavyouzwa huingia hadi ndani ya kitabu chenyewe.

Mchango na mauzo

Mtu wa huku anajua mchango. Harusi, msiba, ada ya mtoto, ujenzi wa kanisa au msikiti: kadi inakuja, unatoa ulichonacho. Uzinduzi wa kitabu umeingia katika utaratibu huo huo. Kuna kamati, kuna MC, kuna meza kuu yenye maji ya chupa na maua ya plastiki. Mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa laki tano. Shemeji wa mwandishi anachukua tano "kumuunga mkono mtoto wetu". Wafanyakazi wenzake wananunua kwa kuwa kesho na keshokutwa na wao watakuwa na kadi zao. Nimekaa kwenye kumbi za namna hiyo mara kadhaa, na mara mbili nimeombwa "niseme machache kuhusu kitabu". Machache yenyewe yanajulikana: hongera, tupende kusoma, karibuni tuchangie. Hakuna aliyewahi kuniomba nisome aya moja kwa sauti.

Siudharau mchango. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nakala 500 zimekugharimu shilingi milioni 3, yaani 6,000 kila moja, na unauza 15,000. Ukipeleka dukani na duka likachukua asilimia 40, unabaki na 9,000, ambayo ni faida ya 3,000 kabla hujalipia mzigo kwenye basi. Kwa njia hiyo utahitaji kuuza nakala 334 ndipo urudishe hela yako, na dukani zinatoka moja moja, tena duka lenyewe huenda liko Tanga mjini au Dar. Ukumbini nakala 200 tu zinarudisha milioni 3 zote kwa jioni moja. Nani atamlaumu mwandishi akichagua ukumbi? Mwenye kiwanda cha uchapaji hangoji fasihi ikomae.

Shida inaanza kesho yake. Hela imesharudi, na nakala 300 zimebaki chini ya uvungu. Mwandishi hana tena njaa ya kuzitafutia wenyewe. Zile 200 zilizotoka zimekwenda kwa watu walionunua undugu, ujirani na adabu. Zitakaa sebuleni karibu na albamu ya harusi. Kwa maana hiyo inawezekana kabisa kuuza vitabu 200 na usipate wasomaji kumi. Na mwandishi asiye na msomaji hapati kitu ambacho hata laki tano ya mgeni rasmi hainunui: mtu wa kumwambia kwamba sura ya nne inachosha.

Kurasa kumi kabla ya hadithi

Sasa tazama alama ambazo mfumo huu unaziacha kwenye kitabu. Nimevipokea vingi kwa ajili ya kuvihakiki, vya riwaya, hadithi fupi na ushairi, kiasi kwamba naweza kutabiri mpangilio kabla sijafungua. Ukurasa wa kwanza, tabaruku. Kisha shukrani, kurasa mbili au tatu, majina kwa cheo: mheshimiwa fulani, mkurugenzi fulani, baba mchungaji, shehe, kaka zangu. Kisha dibaji ya mtu mkubwa ambaye, ukiisoma kwa makini, hataji mhusika hata mmoja wala tukio lolote. Kisha utangulizi wa mwandishi unaoeleza kitabu kinafundisha nini. Hadithi inaanza ukurasa wa kumi na moja, ikiwa imechoka kusubiri.

Geuza nyuma. Pale ambapo msomaji asiyemjua mwandishi angetafuta sababu ya kukinunua, anakuta picha ya mwandishi na wasifu wake: alizaliwa, akasoma, ana shahada, ameoa, ana watoto. Wote waliokuja ukumbini wanayajua hayo. Aliyekikuta mezani stendi ya Mombo hayahitaji. Anachotaka kujua ni kwa nini yule binti wa jalada amebeba taa mchana.

Matangazo ya kwenye WhatsApp na Facebook nayo yametoka tumbo moja na jalada. "Kipo mtaani! Si cha kukosa! Kitabadilisha maisha yako!" Hayo yangeweza kuwa maneno ya dawa ya meno. Nimewahi kusoma matangazo ya riwaya moja kwa wiki tatu mfululizo kwenye magrupu mawili, nikajua bei, namba ya kulipia na punguzo la sikukuu, lakini sikujua ni riwaya ya mapenzi, ya upelelezi au ya kijijini. Mwandishi alikuwa ameficha kitu pekee alichokuwa anauza.

Shaaban Robert hakujiuza

Anayeamini kwamba kizuri chajiuza aanze na mtu wa mkoa wetu huu wa Tanga. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, akafanya kazi ya ukarani serikalini, akafariki 1962. Kusadikika ilitoka 1951 kwa kampuni ya Nelson. Alipata heshima za kutosha: MBE, tuzo ya Margaret Wrong. Juu ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1950 aliona afadhali ajichapishie mwenyewe pale Tanga, kwa jina la Art and Literature, na Insha na Mashairi ni moja ya vitabu vilivyotoka kwa njia hiyo. Kufikirika, alichokiandika miaka ya 1940, kilitoka 1967. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka mitano.

Huyo ndiye tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili. Kama uzuri ungekuwa unajiuza, asingehangaika na kazi ya uchapishaji baada ya saa za ofisi. Vitabu vyake vilipata umma mpana baada ya Nelson kuvikusanya katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban miaka ya 1960, na baada ya shule za nchi mpya kuhitaji vitabu vya Kiswahili. Yaani kulikuwa na mtu wa kuvibeba na mahali pa kuvipeleka. Uzuri wa maandishi ndio uliowafanya wasomaji wabaki. Kuwafikisha mlangoni ilikuwa kazi ya wengine.

Waliotoa kisu

Kizazi kilichofuata kilijifunza kazi hiyo ya mlangoni. East African Literature Bureau, iliyotoa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977. Karatasi zikawa adimu, mashirika ya umma yakadhoofika, na waandishi wakaamua kubeba mzigo wenyewe. Musiba, aliyekuwa pia mfanyabiashara na baadaye akaongoza chemba ya biashara ya nchi hii, TCCIA, alitoa vitabu vyake kwa kampuni yake, Continental Publishers. Ben Mtobwa akaanzisha Heko. Kenya, David Maillu alikuwa ameshatangulia na Comb Books mapema miaka ya 1970. Alisomwa sana mitaani, mpaka Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake.

Wahakiki wa vyuoni waliviita vitabu hivyo fasihi pendwa, kwa mdomo uliokunjwa kidogo. Lakini hebu visome kama kazi ya mtu asiye na mgeni rasmi. Tutarudi na Roho Zetu? Alama ile ya kuuliza kwenye jina ndiyo tangazo lote, na ni tangazo la kweli, kwa sababu riwaya nzima inalijibu swali hilo. Salamu Kutoka Kuzimu. Dar es Salaam Usiku. Huhitaji wasifu wa mwandishi kuyaelewa majina haya. Halafu kuna Joram Kiango wa Mtobwa na Willy Gamba wa Musiba. Msomaji aliyemaliza kitabu kimoja anarudi kibandani kumuulizia mtu, na mtu huyo ni mhusika. Mwandishi ambaye mhusika wake anaulizwa kwa jina ameshapata muuzaji asiyelipwa.

Eric Shigongo akaipeleka mbinu hii mbali zaidi. Hadithi zake zilitoka kwa vipande kwenye magazeti yake ya Global Publishers kabla ya kuwa vitabu. Hapo kuonja hakukuwa hisani, kulikuwa ndio mfumo wenyewe: unanunua gazeti, unasoma kipande, unakutana na "itaendelea". Leo vijana wanaobandika sura moja moja Facebook, kisha wanauza zilizobaki kwa kulipia kwa simu, ni wajukuu wa mfumo huo.

Lakini mhakiki hawezi kusifu na kuishia hapo. Hadithi inayoandikwa ili ionjwe kila wiki hujifunza tabia mbaya. Kila kipande lazima kiishe mtu ameelekezewa bastola au amefumaniwa. Ukiviunganisha vipande arobaini, unapata kitabu kinachoshtua mara arobaini na kisichobadilika hata mara moja. Wahusika hawapati nafasi ya kukaa kimya wakafikiri. Nimeliona jambo hili kwa vijana wengi wenye kipaji cha kweli: sura za kwanza tano, zile za bure, zimepigwa pasi vizuri, na kuanzia ile ya kulipia lugha inalegea, majina yanachanganywa, anayekufa sura ya tisa anapokea simu sura ya kumi na mbili. Huyu naye amedanganya kwenye kisu. Amekuonjesha peasi moja, akakufungia mengine.

Kwa hiyo tuna magonjwa mawili. La kwanza ni kitabu cha mchango, kisichoonjesha kabisa. La pili ni kitabu cha vipande, kilichoandikwa chote kwa ajili ya kuonjwa. Ukiniuliza lipi linatibika, nitasema la pili. Mwandishi wa vipande ana wasomaji, na wasomaji wanalalamika kila siku chini ya kila sura. Mwandishi wa mchango anapongezwa tu.

Kitabu cha mlima huu

Wengine wataniambia: acha makuu, mwandishi wa Lushoto anaandikia watu wa Lushoto, inatosha wakimuunga mkono nduguze. Nawajibu kwa Habari za Wakilindi. Hakuna maandishi ya Kiswahili yaliyo muhimu kuliko hayo kwa mtu anayetaka kuijua Usambara ya zamani: Mbegha mwindaji, ukoo uliotawala kutoka Vuga, Kimweri na ugomvi wa waliomfuata. Aliyeandika, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyajua mambo ya watawala kwa karibu. Yalichapwa kwa vipande kuanzia miaka ya 1890 kwenye mtambo wa wamisionari Magila, kule upande wa Muheza. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ikayatoa kama kitabu kimoja, na Steven Feierman, alipokuja kuandika historia ya ufalme wa Washambaa iliyotoka 1974, ilibidi ayapime kando ya masimulizi aliyoyakusanya vijijini.

Angalia safari hiyo. Kilichokiokoa kitabu hiki ni msomaji wa pili, na wa tatu: watu wasio ndugu wa mwandishi, waliokisoma, wakabishana nacho, wakakipitisha kwa mwingine. Na pale mnyororo ulipokatika, kimepotea. Mimi hapa Lushoto sijawahi kukikuta kikiuzwa. Watoto wanaokaa saa moja kwa mguu kutoka Vuga wanamaliza shule bila kukishika.

Wala tusisingizie ukosefu wa mitambo. Vuga hapa hapa kulikuwa na kiwanda cha chapa cha misheni ya Kilutheri tangu enzi za ukoloni. Kitabu cha nyimbo za kanisa hakijawahi kuhitaji uzinduzi wenye meza kuu. Kina matumizi kila Jumapili, mahali pa kusomwa na watu wa kusoma nao. Hadithi zetu zinakosa Jumapili yake.

Hadithi ya tatu

Nina jirani, mwalimu, aliyechapisha mkusanyo wa hadithi fupi. Simtaji, maana habari yake ni ya wengi. Alifanya uzinduzi, hela ikarudi, maboksi yakabaki. Akaniletea nakala niandike "neno la kumtia moyo". Nikamwambia, mwalimu, moyo unao, ngoja nisome.

Hadithi saba kati ya nane zinaishia na funzo, kama ubao umefutwa na sasa tunanukuu muhtasari. Binti asiyesikia wazazi anaharibikiwa. Mlevi anafilisika. Lugha ni safi, safi mno, watu wa gulioni wanaongea kama taarifa ya habari. Ila hadithi ya tatu ni kitu kingine kabisa. Mwanamke anapeleka kabichi Dar es Salaam kwa lori la kukodi. Lori linaharibika kwenye kona za kushuka Mombo, ubaridi wa mlima umebaki juu, joto la chini linapanda. Kila saa inayopita dalali anapiga simu na kushusha bei, na kila saa yule mama anahesabu upya deni analodaiwa na shemeji yake. Hakuna funzo. Mwisho anawauzia abiria wa basi kabichi moja moja, na mwandishi anatuachia hesabu bila kutuambia kama imetosha.

Hadithi hiyo ningeiweka kwenye mkusanyo wowote wa Kiswahili nisione haya. Lakini iko ukurasa wa 38, baada ya shukrani, dibaji na hadithi mbili za maadili. Nyuma ya jalada hakuna neno kabichi. Aliyekuja ukumbini hakuambiwa ipo. Mgeni rasmi alisema kitabu kitasaidia "kujenga maadili ya vijana", na kwa kuwa ndivyo kilivyotangazwa, hata walioanza kukisoma walisoma ya kwanza, wakaridhika kuwa ina maadili, wakafunga.

Nilimwambia mambo manne, na nayaandika hapa kwa yeyote anayejichapishia. Moja, uzinduzi fanya, mchango pokea, lakini usiuite mauzo. Hesabu wasomaji kando ya hela: ni watu wangapi wasiokujua wamekuuliza swali kuhusu mhusika? Mbili, tangaza kwa kuonjesha. Weka ukurasa mzima wa hadithi yako bora badala ya sifa zake, na chapa ijayo hadithi hiyo itangulie. Tatu, peleka nakala mahali ambapo kitabu kinashikwa na wengi: maktaba, shule za sekondari za mlima huu, wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa mjini, ambao jioni za baridi hawana pa kwenda. Nakala moja inayoazimwa mara ishirini inafanya kazi kuliko ishirini za sebuleni. Nne, mruhusu mtu akuhakiki kwa ukali, na usimtumie shemeji kumwomba akulegezee.

Hilo la nne lilimchoma. Akaniuliza, "Sasa ukiandika kwamba hadithi saba ni mahubiri, nani atanunua?" Nikamjibu kwamba anayesoma uhakiki wenye sifa tupu anajua ni wa rafiki, lakini anayesoma kwamba saba ni mahubiri na moja ni dhahabu atataka kuiona hiyo moja. Alinyamaza. Sijui kama alikubali.

Juzi amenitumia ujumbe. Jumamosi ijayo mchana atasoma hadithi ya kabichi kwa sauti, darasani, mbele ya kidato cha tatu na mzazi yeyote atakayependa. Hakuna kadi wala meza kuu. Amewaalika pia akina mama wawili wanaopakia mizigo Lukozi, ili wamwambie kama bei za dalali alizoandika ni za kweli.